Neva ya sauti inayoshuka kifuani

Juma la shingo likifika katika TP, yaani mazoezi ya vitendo, za anatomia hapa Bukavu, kisu hufanya kazi siku ya kwanza tu. Ngozi ya mbele ya shingo ni nyembamba, na msuli ulioshikamana nayo ni mwembamba kama karatasi. Mkono mzito huvipitia vyote viwili bila kujua. Baada ya hapo nataka wanafunzi watenganishe nyama kwa mkasi uliofumbwa na kwa kidole. Maiti aliyelala mbele yetu ni mtu. Kabla ya kumfunua tunasimama kimya, na kumkata ovyo ni kumkosea.

Tunatafuta neva moja, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ni tawi la neva ya kumi ya fuvu, nayo huendesha misuli ya kongomeo, kile kisanduku cha sauti, isipokuwa mmoja tu. Ungedhani ingetoka kichwani na kuingia kooni moja kwa moja. Sivyo. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena katika mfereji ulio kati ya mrija wa hewa na umio. Kulia hugeukia juu zaidi, chini ya mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi.

Anayeikariri njia hiyo huisahau. Basi nawarudisha tumboni mwa mama. Moyo wa kiinitete huanza karibu na shingo, na neva hii hupita chini ya mishipa ya damu iliyojikunja kama pinde. Moyo ukishuka, mishipa hushuka nao, na neva iliyonaswa huburutwa. Kulia, upinde wa sita, ule ulioinasa neva, hufifia upande wa nje, neva huponyoka na kukwama kwenye upinde wa nne. Tofauti yote ya kushoto na kulia imetoka hapo.

Sisi wa Kivu tuna sababu yetu ya kuijua vizuri. Inapanda nyuma ya tezi ya thairoidi, na rovu, uvimbe wa tezi hiyo, si ugonjwa wa vitabuni huku: kisiwa cha Idjwi, hapo ziwani, kilichunguzwa miaka mingi na watafiti kwa sababu ya rovu linaloletwa na upungufu wa madini joto. Anayetoa rovu hufanya kazi milimita chache kutoka kwenye sauti ya mgonjwa. Akikata neva moja, sauti hukwaruza. Akiumiza zote mbili, nyuzi za sauti husogeleana na mgonjwa hukosa hewa. Galen, tabibu wa Rumi katika karne ya 2, aliikata hadharani kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele. Kelele zikakoma, mnyama angali hai.

Mshipa wa chini unaolisha tezi damu husaidia kuitafuta, ila neva huweza kupita mbele yake, nyuma yake, au katikati ya matawi yake. Kwa hiyo kila meza huchora ilichokiona yenyewe.

Na kulia, kwa mtu kama 1 kati ya 100, haishuki kabisa, kwa kuwa mshipa wa mkono umechipuka mahali pengine kwenye aota. Wakiniita, “Docta, hatuioni,” siwaambii watafute vizuri. Naenda kuinama nao, tunaanza kutazama juu, usawa wa tezi.