Neno likigomea kanuni ya sauti, usiliache hivihivi

Kuna tabia kwenye isimu historia, yaani uchunguzi wa jinsi lugha zinavyobadilika: mtu akikuta neno limegomea kanuni ya sauti (ile inayosema sauti fulani iligeuka kuwa nyingine kwenye lugha nzima) anaandika "hili ni la kipekee" halafu anasonga mbele, na mimi inaniumiza kweli maana kazi ndo ilikuwa inaanza hapo.

Mwaka 1878 Hermann Osthoff na Karl Brugmann, wa kundi la wanaisimu wa Leipzig, Ujerumani, walitamka kwamba kanuni za sauti hazivunjiki. Walikuwa na sababu. Tangu 1822 Jacob Grimm alishaonyesha kwamba t ya zamani iligeuka th kwenye lugha za Kijermaniki (ukoo wa Kijerumani na Kiingereza), sasa mbona Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huo, kina brothar (kaka) yenye th, lakini fadar (baba) ina d, wakati Kisanskriti, lugha ya kale ya India yenye asili moja nazo, kina t kote kuwili? Karl Verner, Mdenmark, akalipatia jibu 1875: mkazo. Kwenye "kaka" mkazo ulitangulia ile t, kwenye "baba" ulikuja baada yake, halafu Kijermaniki kikahamishia mkazo wote mwanzoni mwa neno, ushahidi ukapotea huko ukabaki Kisanskriti.

Na Kiswahili kinayo kesi kama hiyo hiyo. Pika inatoa mpishi, andika inatoa mwandishi, k imekuwa sh mbele ya i, sasa kwa nini kiti hakikuwa shiti? Kwa sababu Mame-Bantu, lugha mama ya lugha zote za Kibantu, ilikuwa na irabu saba, kulikuwa na i mbili, ile ya juu kabisa (ulimi ukiinuka zaidi) ndo iliyolainisha k, ya chini yake ikaiacha, baadaye zikaungana na leo hatuzitofautishi. Haya, penda ni mpenzi, linda ni mlinzi, lakini shinda ni mshindi! Hapo naona analogia, neno limefuata kitenzi chake.

Hugo Schuchardt aliwapinga kina Brugmann 1885, na 1969 William Wang akaleta hoja kwamba badiliko linaweza kutambaa neno moja moja. Nakubali, hasa likiwa bado linatembea. Ila ukiruhusu maneno ya kipekee bila kudai sababu, utazuia vipi mtu asiunganishe theos ya Kigiriki na deus ya Kilatini? Zote ni "mungu", zinafanana mno, na si ndugu hata kidogo, yaani hazikutoka neno moja la zamani, kwa sababu d ya Kilatini mwanzoni mwa neno inalingana na d ya Kigiriki, sio th. Ndugu wa theos kwa Kilatini ni fanum, yaani hekalu, na kwa kutazama tu usingemjua.