Anayetaka kukutia hatiani hakosi la kusema

Wachina wana methali ya silabi nane tu: yù jiā zhī zuì, hé huàn wú cí. Maana yake, mtu akishaamua kukutwika kosa, maneno ya kukushitakia hayawezi kumpungukia. Husemwa na anayelaumiwa, au na anayemtetea.

Ilitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa anakwenda kufa. Zuo Zhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, kinasimulia kuwa mwaka 651 K.K. mtawala wa dola ya Jin alifariki, na waziri Li Ke akawaua warithi wawili, mmoja baada ya mwingine, wote watoto wa marehemu. Kaka yao wa mama mwingine, Yiwu, akarudi kutoka uhamishoni akashika kiti. Mwaka uliofuata, akiwa ameamua Li Ke afe, akamtumia ujumbe: bila wewe nisingefika hapa, lakini umeua watawala wawili na ofisa mkubwa mmoja, kuwa bwana wa mtu kama wewe si kazi ngumu? Li Ke akajibu kwamba wale wasingeondolewa, Yiwu asingeinuka. Na anayetaka kumtwika mtu kosa, kweli atakosa maneno? Amri nimeisikia, akasema, akauangukia upanga wake. Methali ya leo imebadilika kidogo tu kutoka kwenye jibu hilo.

Wengi hudhani methali inahusu kusingiziwa, lakini Li Ke hakusingiziwa. Aliua kweli, wala hakukana. Alichokataa ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuuawa kwake. Damu ile ile ndiyo iliyompa Yiwu kiti, na hakuilalamikia hadi alipoanza kumwogopa aliyeimwaga: ndugu yake mwingine, Chong'er, alikuwa bado hai ugenini, na aliyekwisha kuondoa watawala wawili angeweza kumwondoa wa tatu. Nia ilitangulia, shitaka likatafutwa baadaye. Kwamba shitaka lenyewe lilikuwa la kweli ni bahati ya Yiwu tu.

Hata hivyo inafaa pia pale ambapo ushahidi haupo kabisa. Jemadari Yue Fei wa enzi ya Song aliuawa mwaka 1142 kwa tuhuma za uasi. Historia ya enzi hiyo inasema jemadari mwenzake, Han Shizhong, alimwuliza waziri mkuu Qin Hui ushahidi uko wapi, akajibiwa kwa maneno yanayoeleweka kama "huenda upo". Huko Hangzhou, sanamu za chuma za Qin Hui na mkewe zimepigishwa magoti mbele ya kaburi la Yue Fei, na kwa vizazi vingi wageni walikuwa wakizitemea mate.

Siku hizi utaisikia zaidi kazini. Bosi amemchoka mtu: leo anamhesabia dakika tano za kuchelewa, kesho barua pepe yake haina heshima, keshokutwa hana ari ya kazi. Sisi tungesema anamtafutia sababu. Mchina anaweza kutamka nusu ya kwanza tu, yù jiā zhī zuì, akanyamaza. Msikilizaji ataimalizia mwenyewe. Lakini mbele ya bosi huyo si neno la kulitupa ovyo, kwa kuwa unamwambia usoni kuwa hukumu aliitoa kabla ya kesi. Na mwenye kosa naye huikimbilia vilevile, maana inamwezesha kujibu shitaka bila kuligusa.