Sikukuu na Mbwa wa Mexico: Wanayoyadhani Wageni na Ukweli Wenyewe

Wageni wengi wanaohamia Mexico, hasa wastaafu wa Marekani na Kanada waliojaa katika miji ya kando ya Ziwa Chapala na San Miguel de Allende, hufika wakiamini mambo mawili: kwamba sikukuu za nchi hii ni maonyesho ya rangi na muziki, na kwamba mbwa wanaozurura mitaani ni mayatima wanaomngoja mgeni awaokoe. Nimeishi Ajijic, mmoja wa miji hiyo ya kando ya Ziwa Chapala katika jimbo la Jalisco, kwa miaka sita, na ninamlea mbwa jike mmoja aliyeokotwa. Naona ni vyema dhana hizi zisahihishwe kwa pamoja, kwa sababu katika mji kama huu kalenda ya sikukuu na maisha ya mbwa havitenganishiki.

Dhana inayoleta madhara ya haraka zaidi ni kwamba mbwa asiye na ukanda shingoni hana mwenyewe. Ukweli ni kwamba familia nyingi hufuga mbwa ambaye hufunguliwa mlango asubuhi, akashinda barabarani na kurudi jioni kula, jambo ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamekua wakiliona kwao. Katika mwezi wangu wa tatu hapa nilimchukua jike wa rangi ya mdalasini aliyekuwa amelala mbele ya bucha, nikamwogesha, nikamlisha, nikaanza kumtafutia jina. Kabla ya magharibi mvulana wa miaka kama tisa alisimama mlangoni kwangu akiwa na kipande cha kamba mkononi. Hakusema neno, mbwa ndiye aliyemkimbilia na kumzunguka miguuni, mkia ukimpiga mbavu zote mbili. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi mama yake. Tangu hapo nafuata desturi ya wenyeji, ambayo ni kuuliza kwanza dukani, kwa muuza tortilla, yaani chapati za mahindi, na kwa fundi viatu, na kumtazama vizuri mnyama mwenyewe, maana aliyetupwa hujulikana kwa mbavu zilizochomoza, kwa upele uliomla manyoya na kwa kupe waliojipanga ndani ya masikio.

Wengine humwogopa mbwa huyo huyo wakidhani kila mbwa wa mtaani ana kichaa. Katika jambo hili Mexico inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kutokana na kampeni za chanjo ya bure zilizoendeshwa mwaka baada ya mwaka tangu miaka ya 1990, wagonjwa wawili wa mwisho walioambukizwa na mbwa walionekana mwaka 2006, na Novemba 2019 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa nchi ya kwanza kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Anayeng'atwa bado anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni na kwenda kituo cha afya bila kuchelewa, lakini hofu isiwe sababu ya kumfukuza kwa mawe mnyama mwenye njaa.

Mgeni anaposhtushwa na mshindo wa alfajiri hudhani ni risasi, na akishaelezwa kuwa ni fataki hudhani ni uhuni. Hizo ni *cohetes*, fataki za kijiti zinazorushwa kuwaita waumini misani na kumheshimu mtakatifu msimamizi wa mji. Hapa Ajijic msimamizi ni Mtakatifu Andrea, ambaye novena yake, yaani sala za siku tisa, huanza 22 Novemba na kuishia tarehe 30. Mila hiyo ina wenyewe, nao huichangia fedha zao kwa moyo mmoja. Hata hivyo si uongo kwamba inawatesa mbwa. Wangu hujibana chini ya sinki, pua ikiwa imegandamizwa kwenye pembe ya ukuta, na ukiweka kiganja ubavuni mwake utahisi moyo ukienda mbio hata dakika nyingi baada ya mlio wa mwisho. Wengine huruka ukuta na kupotea usiku huo huo.

Halafu inakuja Desemba 12, sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe. Mamilioni ya mahujaji huelekea Basilika katika Jiji la Mexico, wengi kwa miguu au kwa baiskeli, na njiani mbwa huwafuata kwa sababu kuna chakula na kuna watu. Mahujaji hurudi makwao kwa magari. Mbwa wengi hubaki pale, nyayo zimechubuka, hawajui njia. Kila mwaka wapo wakazi wa jiji wanaojitolea kuwaokota, kuwatibu na kuwatafutia makazi. Ndiyo maana naipinga kwa nguvu zangu zote dhana kwamba Wamexico hawawajali mbwa na kwamba uokoaji ni kazi ya wageni. Mzigo mkubwa hubebwa na wanawake wa mitaa ya kawaida, wanaoitwa *rescatistas*, wenye mbwa wengi ndani ya ua mdogo na deni kwa daktari wa mifugo. Tarehe 17 Januari, siku ya Mtakatifu Antoni Abate, watu hupanga foleni mbele ya makanisa na mbwa, paka na kuku wao ili padre awanyunyizie maji ya baraka. Desemba 2024 marufuku ya kuwatesa wanyama iliingizwa katika Katiba ya nchi.

Kuhusu Siku ya Wafu, wageni wengi huiona kuwa Halloween ya Kimexico, yaani mchezo wa mizimu na mavazi ya kutisha. Sivyo. Tarehe 1 na 2 Novemba, Watakatifu Wote na Marehemu Wote, familia huwatengea wafu wao meza yenye maji, chumvi, mishumaa, mkate, chakula alichokipenda marehemu na maua ya *cempasúchil*, na kufukiza *copal*, utomvu unaofanana na sandarusi ambayo Zanzibar iliiuza nje katika karne ya 19. Gwaride kubwa la Jiji la Mexico, ambalo wengi hudhani ni la kale, lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond kulibuni. Vivyo hivyo meza ya mbwa waliokufa, inayowekwa tarehe 27 Oktoba, ni desturi changa iliyoenea miaka ya karibuni. Uchanga wake hauipunguzii uzito; nimeona bakuli la maji na mpira uliotafunwa vikiwekwa kando ya picha kwa machozi ya kweli.

Tarehe 5 Mei, kwa upande mwingine, si siku ya uhuru, bali ni kumbukumbu ya vita vya Puebla dhidi ya Wafaransa mwaka 1862. Uhuru huadhimishwa 16 Septemba.

Dhana ya mwisho ni kwamba mbwa aliyeokotwa anaweza kupandishwa ndege wakati wowote. Tangu 1 Agosti 2024 Marekani haimpokei mbwa asiyetimiza miezi sita, wala asiye na chipu ya utambulisho chini ya ngozi na fomu ya kuingia nchini. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili aliyeokotwa makaburini usiku wa Siku ya Wafu hatimizi umri huo hadi mwanzoni mwa Machi. Katikati yake zipo fataki za Mtakatifu Andrea, za Guadalupe, za Krismasi na za Mwaka Mpya. Kwa hiyo mgeni anayekwenda kwao Desemba, kabla ya kumbeba huyo mtoto kwapani, ampate kwanza jirani mwenye chumba cha kuta nene na nafasi chini ya sinki.