Monumenti si mnara

Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, hapa Kigoma baiskeli imepata wasemaji. Nimefurahi mno. Miaka yote kwetu baiskeli ilikuwa ya kubebea tu: madumu ya mawese, magunia ya mkaa, abiria kwenye keria. Sasa kwa fundi wangu pale Mwanga, huku viraka vikikauka, vijana wanabishana bingwa wa mbio zile, Pogačar wa Slovenia, aliwaacha wenzake kwenye kilima kipi. Na mimi nasimama hapo muda mrefu kuliko inavyonipasa.

Ila kuna neno moja linanichoma. "Minara." Ndivyo vijana wanavyoziita monumenti, zile mbio tano kuu za baiskeli. Kijana mmoja aliyeleta rimu inyooshwe aliniambia, "Mwalimu, kumbe mnara wa sita uko Kigali hapo jirani!" Siku chache baadaye mwingine akaapa kwamba Biniam Girmay wa Eritrea ameshabeba mnara mmoja. Nimesikia pia mbio za mtaani zikiitwa "klasiki" kwa sababu tu mshindi alipewa pikipiki. Nimenyamaza mara nyingi. Leo naandika.

Maana yake ni fupi. Monumenti ni mbio tano za baiskeli za siku moja: Milano–Sanremo na Lombardia za Italia, Flanders na Liège–Bastogne–Liège za Ubelgiji, na Paris–Roubaix ya Ufaransa. Klasiki ni jina pana zaidi, la mbio za siku moja zenye umri na heshima. Kila monumenti ni klasiki, lakini klasiki nyingi si monumenti. Tour de France haimo humu kabisa, kwa sababu ile ni ya wiki tatu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Mnara tumelitoa kwa Waarabu, na kwao asili yake ni mahali penye nuru au moto. Ndiyo maana tuna mnara wa msikiti, mnara wa taa ya kuongozea meli, na siku hizi minara ya simu juu ya kila kilima. Ukitamka mnara, macho yanapanda. Unafikiria kitu kirefu kinachoonekana toka mbali. Basi kijana wa rimu hakukosea kwa ujinga: aliona Kigali ina vilima vikali, mbio zilitazamwa dunia nzima, akaona huo ni mnara. Neno tulilompa ndilo lililompoteza.

Monumenti linatoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kukumbusha, na hata kuonya. Halina habari na urefu. Ni kitu kinachowazuia watu wasisahau. Wana-Kigoma tunacho cha aina hiyo kule Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe wa siku ile ulishakufa, na iliyopo ni miche iliyotokana nao. Hakuna anayekwenda pale kupima kimo cha jiwe. Watu wanakwenda kwa sababu jambo lilitokea hapo na hapo pameshikiliwa. Kwa Kiswahili huo ni ukumbusho. Najua tumezoea kuita mnara kila kilichojengwa kwa kumbukumbu, wala sigombani na mazoea hayo mjini. Kwenye baiskeli ndiko yanakopotosha.

Klasiki nalo lilianzia Roma, likawahusu raia wa tabaka la juu kabisa. Kwa hiyo klasiki linataja daraja, monumenti linataja kumbukumbu. Zawadi ya pikipiki haileti lolote kati ya hayo mawili.

Tazama Paris–Roubaix. Ilianza 1896, ikaanzishwa na wenye viwanda vya nguo wawili wa Roubaix waliokuwa wamejenga uwanja wa baiskeli na kutaka mji wao usikike. Mshindi wa kwanza alikuwa Mjerumani, Josef Fischer. Leo mshindi hubebeshwa jiwe, kipande cha barabara ileile ya mawe iliyomtesa. Wengi husema mbio hizi zinaitwa Jehanamu ya Kaskazini kwa sababu ya hayo mawe. Sivyo. Jina lilipatikana 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waandaaji na waandishi walipokwenda kuangalia kama njia bado inapitika. Walikuta mashimo ya mabomu, miti iliyokatika, nchi iliyoungua. Hiyo ndiyo jehanamu waliyoiandika. Kila mwaka mtu anapolitamka jina hilo anaigusa vita ile, hata kama hajui.

Miongo baadaye lami ilianza kuyameza mawe, na mbio zikawa karibu kupoteza uso wake. Jean Stablinski, mpanda baiskeli aliyewahi kuwa mchimba makaa, akawaonyesha waandaaji njia ya mawe inayokatiza msitu wa Arenberg. Iliingizwa 1968. Chini ya msitu ule ndimo alimokuwa akichimba, kisha akaja kupita juu yake kwa baiskeli. Leo kuna chama cha watu wa kujitolea wanaopanga upya mawe yaliyong'oka, jiwe kwa jiwe, ili Aprili ikifika barabara iwe mbaya kama ilivyokuwa. Mtu wa Kasulu anayeomba barabara itengenezwe atashangaa. Lakini ndivyo watu wanavyotunza ukumbusho wao.

Wapo wanaosema basi siri ni umri. Umri peke yake hautoshi. Milano–Torino ilianza 1876, kabla ya zote tano, lakini imeacha na kurudi mara nyingi, na haimo. Paris–Tours ina umri sawa na Paris–Roubaix, 1896, nayo haimo: njia yake imebadilishwa tena na tena, na hakuna mahali pake pamoja panapotajika kama Arenberg. Wengine wanasema siri ni ugumu. Milano–Sanremo haina mlima wa kutisha. Kilima chake cha mwisho, Poggio, hakifiki kilomita nne, na kiliongezwa 1960 tu. Kinachowachosha watu ni karibu kilomita 300 kabla ya kukifikia, kila mmoja akijua kwamba hapo ndipo. Strade Bianche ya Toscana, yenye njia za vumbi jeupe, ni nzuri kiasi kwamba wapo wanaotaka kuiita monumenti ya sita. Wapanda baiskeli wa kulipwa walianza kuigombea 2007. Naipenda sana. Bado ni mapema.

Kinachobaki ni hiki: mahali palepale, kila mwaka, kwa muda mrefu kiasi kwamba jina la aliyeshinda leo linakaa chini ya jina la babu yake mtu. Flanders ilianza 1913, mwaka uleule meli tunayoiita Liemba ilipoundwa Ujerumani, kabla haijasafirishwa vipandevipande hadi kwetu. Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na watu wa ziwa wanaiheshimu kwa kuzama na kurudi kwake. Flanders nayo ilisimamishwa na vita ya kwanza, ikarudi 1919, na tangu hapo haijakosa mwaka hata mmoja, hata Ubelgiji ilipokaliwa na Wajerumani katika vita ya pili. Lombardia ina kanisa dogo la Ghisallo juu ya kilima, limejaa baiskeli na jezi za mabingwa, na 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa pale kuwa mlinzi wa waendesha baiskeli. Huwezi kununua hayo kwa zawadi nono ya msimu mmoja.

Ndiyo maana pia kuzishinda zote tano ni jambo lililokaribia kutowezekana. Rik Van Looy, Eddy Merckx na Roger De Vlaeminck, Wabelgiji wote watatu, walifanikiwa. Merckx alikusanya monumenti 19 kwa jumla. Aliye hodari mlimani hukwama kwenye mawe, na wa kwenye mawe huachwa mlimani.

Turudi Kigali. Mbio za wanaume za tarehe 28 Septemba zilikuwa za kilomita 267.5. Walioanza walizidi 160, waliomaliza walikuwa 30. Tadej Pogačar akavaa jezi ya upinde wa mvua, na bingwa wa dunia huivaa mwaka mzima. Heshima yake ni kubwa sana, na baadhi ya wapanda baiskeli wangeichagua jezi hiyo kuliko monumenti yoyote. Lakini mashindano ya dunia huhama. Mwaka huu mji huu, mwakani nchi nyingine. Heshima yake imo ndani ya jezi. Ya monumenti imo barabarani, na barabara haihami.

Na Girmay? Tarehe 27 Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem, mbio zilizoanza 1934, Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Niliona wanaume wazima wakilia siku ile. Hiyo ni klasiki, tena klasiki ya kweli.

Kijana wa rimu aliporudi kuchukua baiskeli yake nilimwita pembeni. Nikamwambia: mwanangu, Girmay ameshinda klasiki, na Kigali ilikuwa mashindano ya dunia. Ukimwita kila mshindi kwa jina la kitu alichokishinda, humpunguzii chochote. Na hizo tano, kama "monumenti" linakuwia gumu mdomoni, ziite mbio za ukumbusho. Mnara tuwaachie watu wa simu.