Je, wajua kwa nini dawa ya sukari huandikiwa mwanamke asiye na sukari?

Wifi yangu alirudi kutoka kliniki ya uzazi na pakiti ya metformini mkononi. "Wifi, hii si ya sukari? Mimi nilikwenda kutafuta mtoto." Nikamjibu kwa uhakika wote kwamba wamechanganya mafaili, arudishe.

Nililaghaiwa na jina la mtaani. Nilidhani "dawa ya sukari" huikamata sukari popote ilipo na kuiteremsha, hivyo asiye na kisukari akimeza atazirai. Kumbe metformini haimchapi kongosho fimbo amwage insulini, homoni inayoiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Kazi yake kubwa iko kwenye ini, linalotengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu: inalipunguzia kasi. Ndiyo maana ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Nikaelewa, nikaangukia kosa la pili: basi ni dawa ya kupevusha mayai. Nayo siyo. Haina homoni ya uzazi hata chembe. Asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega, na daktari Mfaransa Jean Sterne aliitangaza mwaka 1957 kama dawa ya kisukari.

Wifi ana PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kupevuka kwa mayai ya mwanamke. Homoni za kiume huzidi, hedhi hupotea miezi, na kwenye ultrasound ovari huonekana na vitone vingi. Watu huviita uvimbe, lakini ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga. Chumba cha kwanza anakaa babu mzito wa kusikia, na ili apate taarifa ya habari redio hufunguliwa hadi mwisho. Babu anaambulia maneno mawili matatu. Jirani wa chumba cha pili, mwenye masikio mazima, halali. Redio ni insulini, anayepandisha sauti ni kongosho, babu ni misuli isiyoisikia insulini vizuri. Jirani ni ovari. Yeye si kiziwi, na kelele hizo humsukuma atengeneze testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi, mayai yakakwama. Metformini ikilituliza ini, sukari ya damu hupungua na kongosho hana haja ya sauti kubwa. Redio inashuka, jirani anapumua.

Si kila mwenye PCOS ana babu kiziwi, na metformini haizibui mirija wala haiongezi mbegu za mume. Hata pale inapofaa, peke yake ni ya wastani: utafiti wa Marekani wa 2007, wanawake 626 wenye PCOS, ulipata waliojifungua asilimia 7.2 kwa metformini, 22.5 kwa klomifeni (dawa ya kupevusha mayai), na 26.8 kwa zote mbili, pengo hilo la mwisho likiwa dogo mno kuthibitisha kitu. Siku hizi chaguo la kwanza la kupevusha yai ni letrozoli, ambayo nayo ni dawa ya saratani ya matiti. Kabati la madaktari wa uzazi lina wageni wengi.

Wifi humeza vidonge vyake katikati ya chakula, maana akimeza na njaa tumbo humkimbiza chooni. Kwenye droo hiyohiyo ameweka kipimo cha mimba. Yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu, kwa hiyo anayengoja hedhi irudi ndipo aamini dawa imeshika anaweza kungoja bure: yai la kwanza likinasa, hedhi haiji.