Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi: cheti cha kifo cha mumewe, muhtasari wa kikao cha ukoo, na nakala ya barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo yenye jina la shemeji yake. Aliweka kidole juu ya lile jina akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo nyumba sasa ni ya huyu?"

Hapana. Nilimwambia hivyo kabla hata sijasoma karatasi nyingine, maana swali hili tunaulizwa karibu kila wiki. Msimamizi amebebeshwa kazi tatu: kukusanya mali za marehemu pamoja na fedha alizokuwa akidai, kulipa madeni yake, na kinachobaki kuwagawia warithi. Hata hati ya kiwanja ikihamishiwa kwake, huandikwa kwamba anakishika kama msimamizi wa mirathi. Akitumia mali vibaya, anawajibika kufidia.

Shemeji huyu alikuwa amekusanya kodi ya vyumba vya uani kwa miezi saba, na mjane hakuwa ameona hata shilingi. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania zinampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe kurudi mahakamani na Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni; baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama inapanga, analeta Fomu Namba 6 inayoonyesha fedha zilizopokelewa, malipo yaliyofanywa, na mali zilizouzwa au kuhamishwa. Akihitaji muda zaidi, aombe. Mrithi yeyote anaweza kwenda kwa karani, akataja namba ya shauri na kuuliza kama fomu hizo zimo kwenye jalada. Kama hazimo, aandike barua kuomba msimamizi aitwe ajieleze. Mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kumteua mwingine.

Kuhusu kikao cha ukoo: kikao kinapendekeza tu, mahakama ndiyo inayoteua. Hakuna sheria inayomzuia mjane au binti kuwa msimamizi, ingawa vikao vingi bado vinakimbilia kaka wa marehemu. Na tafadhali, usisaini karatasi tupu eti ni ya mahudhurio. Nimeona muhtasari ambao saini zake zilichukuliwa msibani, watu wakidhani wanaandikisha rambirambi.

Ukishateuliwa, mamlaka yako ni makubwa. Msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya mirathi. Ndiyo maana nasisitiza wosia: ndani yake unamtaja wewe mwenyewe, ungali hai, mtu unayemwamini kubeba mzigo huo.

Kwa wanaofuata sheria ya kimila, wosia wa maandishi uandikwe kwa wino, uwe na tarehe na saini. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Mrithi asiwe shahidi. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, na si kwa mrithi wake isipokuwa warithi wengine waridhie; theluthi mbili zinafuata mafungu ya warithi yaliyowekwa na sheria ya Kiislamu. Orodhesha viwanja, akaunti, hisa za ushirika, na madeni pia, unayodai na unayodaiwa. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanapokea wosia na kuuhifadhi, na wakili pia anaweza kukutunzia. Ukibadili mawazo, unaandika mwingine.

Yule mama tulimwandikia barua ya ukurasa mmoja. Aliisoma mara mbili, akaomba neno "shemeji" liondolewe, liandikwe "msimamizi", kisha akasaini na kuipeleka mahakamani mwenyewe.