Kicheza Muziki Hakijafa: Maneno ya Watu na Ukweli Wenyewe

Shemeji yangu aliniletea kicheza MP3 kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu anayeleta maiti ya ndege. Skrini ilikuwa inawaka na jina la wimbo linaonekana, lakini bonyeza utakapo, hakitikisiki. Nikakigeuza ubavu, nikasukuma kiswichi kidogo chenye alama ya kufuli, vitufe vikarudi kazini. Alikipokea kimyakimya akaenda zake.

Vifaa hivi huzikwa vikiwa hai. Mara nyingi kasoro haiko kwenye saketi hata kidogo. Iko kwenye waya, kadi ya kumbukumbu, faili, au uchafu wa mfukoni.

"Nimechomeka chaji hakiwaki, basi kimeungua."

Subiri kwanza. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2. Ikiachwa miezi kadhaa kwenye droo huweza kushuka hadi chini ya 3, na hapo chaja huingiza umeme kidogokidogo kwa tahadhari huku skrini ikibaki nyeusi tii. Kiache kwenye chaji saa nzima. Kikiendelea kununa, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 30, maana programu iliyoganda hufanana sana na kifaa kilichokufa. Ila ukiona mgongo wake umetuna, chomoa na usikichaji tena: hiyo ni betri iliyovimba, na ikitobolewa huweza kuwaka moto.

Kuna na ile ya kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe. Hayo ni mazoea ya zama za betri za nikeli-kadimiamu. Ya lithiamu inachukia sifuri, na inachukia joto zaidi. Ukitaka kukiweka kifaa muda mrefu, kiache na chaji ya nusu.

"Sikio moja halitoi sauti, kicheza kimeharibika."

Hili ndilo lenye hadithi ndefu, na ndilo linalotupotezea hedifoni na vicheza visivyo na hatia. Anza kwa kubadilisha hedifoni. Za pili zikitoa sauti pande zote, kicheza hakina kosa. Rudi kwa zile za kwanza, ukunje waya taratibu pale unapoingia kwenye pini. Sauti ikija na kukatika, umeshampata mwizi: nyuzi zimekatika ndani, mahali panapokunjwa kila siku.

Hedifoni mbili zikigoma vilevile, chungulia tundu kwa tochi. Nimewahi kutoa humo bonge la vumbi na nyuzi za nguo, limeshindiliwa na pini hadi likawa gumu kama dengu. Pini ilikuwa inaishia milimita moja kabla ya mahali pake, na milimita moja inatosha. Zima kifaa, tumia kijiti cha mbao, usitumie sindano.

Dalili moja huwatisha watu kuliko zote: ala zinasikika, mwimbaji katoweka. Wengi husema wimbo umeharibika. Pini ya milimita 3.5 ina ncha ya sauti ya kushoto, pete ya sauti ya kulia, na shina wanalolitumia wote wawili kurudishia umeme. Shina lisipogusa vizuri, spika mbili hubaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, kwa hiyo anafutika. Sukuma pini hadi mwisho, naye atarudi.

"Faili likikataa, libadilishe jina liwe mp3."

Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Tumia programu ya kugeuza faili. Na ukigeuza wimbo wa kbps 128 (kipimo cha wingi wa data kwa kila sekunde) kuwa 320, faili linanenepa, sauti inabaki ileile. Kilichokwisha kutupwa wimbo ulipobanwa hakirudi.

"Kompyuta haikioni, mlango wa USB umekufa."

Badilisha waya kabla hujamfikiria fundi. Waya nyingi ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data ndani.

"Kimelowa? Kizike kwenye mchele."

Mchele huacha vumbi la wanga na haunyonyi kitu cha maana. Zima, usichaji, kiweke penye upepo siku kadhaa.

"Kadi haisomeki, fomati."

Kufomati, yaani kufuta kadi yote na kuipanga upya, ni dawa ya mwisho, na watu huianza kama ya kwanza. Kadi za zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, wakati vicheza vingi vya zamani vinajua ule wa zamani, FAT32, pekee. Hapo kadi ni nzima, kicheza ni kizima, ila hawaelewani lugha. Nakili kwanza nyimbo zako kwenye kompyuta, kisha uifomati kwa FAT32.

Kadi bandia ni habari nyingine. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Inapokea kila unachoipa bila kulalamika, majina yote yanaonekana kwenye orodha, lakini nyimbo kadhaa zinacheza na zilizobaki zinakwaruza au kurukwa. Ijaze, kisha unakili kila kitu kurudi kwenye kompyuta ulinganishe. Mafaili yakirudi mabovu, hata uifomati mara kumi hutapata nafasi ambayo haikuwahi kuwapo.